Yule wa Mlangoni

Kanyangi,
1 Oktoba 2023

Kwako mama yangu Wayua,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi niko sawa, ni mgongo tu unaojikumbusha nikishuka kwa pikipiki. Mamako ni mzima na anauliza kama huko Gongoni unakula ama unaangalia ndege tu. Nduguyo Mbuvi alipita hapa wiki jana akitoka mjini Wote, naye ni mzima. Wewe je, homa ya pwani imekuacha?

Fomu yako ya kwanza hiyo hapo. Nilienda bwawani Jumamosi kama ulivyoagiza, saa kumi na mbili asubuhi, darubini yako shingoni, watu wakidhani nimeandikwa na serikali. Yangeyange kumi na saba. Bata wa mdomo mwekundu tisa. Wale vitwitwi wako wa mdomo uliopinda, wanne. Mtu aliyehesabu mbuzi wakipanda lori miaka thelathini na moja hawezi kushindwa na ndege waliosimama.

Sasa niseme yangu. Wale wa kituo cha kilimo cha Kiboko walikuandikia barua wenyewe, kazi ya mbegu za mtama, kazi ya kueleweka, nusu siku kutoka hapa. Ukakataa. Ukaenda kusimama kwa matope ya bahari uhesabu kitu ambacho hakina mwenyewe. Mimi niliacha shule darasa la sita, nikajitengeneza bila mtu kunishika mkono, kwa hivyo njia fupi nikiiona naijua. Kazi yako nitaifanya kwa sababu umeniomba. Usidhani nimekubali.

Na usinipigie simu kuhusu haya. Simu ni ya madalali. Kitu cha maana kiandike, kipande basi pamoja na fomu.

Ni mimi,
Baba wa Wayua na wenzake,
Mutie Nthiwa


Gongoni,
20 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa mama. Homa ilikwisha. Ninakula, mwambie mama, hata samaki nimezoea. Natumaini mgongo umetulia.

Fomu imefika safi. Mwenzangu Filsan, ambaye tunafanya shahada ya pili pamoja, aliiona akasema hajawahi kuona mwandiko wa namna hiyo kwa karatasi ya utafiti.

Kuhusu Kiboko, naomba nikueleze mara moja. Hawa vitwitwi wanatoka mbali sana kaskazini kila mwaka, wanafika kwa matope yetu huku. Sisi tunawafunga vibendera vidogo mguuni, vyeupe, vyenye herufi na namba. Kila mtu anajua wanafika pwani. Kitu hakuna mtu ameonyesha kwa karatasi ni kwamba hao hao wanapumzika kwa mabwawa ya Ukambani wakipita. Nikionyesha, kuna mradi unaotaka mtu wa kusimamia hesabu ya mabwawa yote ya Kitui na Makueni, miaka mitano. Wananitaka mimi, lakini lazima shahada iwe mkononi, na sura ya mabwawa kwa kitabu changu cha utafiti iwe imepita. Sura hiyo yote inasimama juu ya bwawa lako, baba.

Kwa hivyo ukiona hata ndege mmoja mwenye kibendera, huyo ndiye.

Binti yako,
Wayua


Kanyangi,
7 Aprili 2024

Kwako mama yangu Wayua,

Tuko salama hapa, mvua imeanza vizuri. Nakuombea afya.

Fomu ya saba na ya mwisho hii. Ndege wamepungua, wanaondoka. Sijakosa Jumamosi hata moja uliyopanga, hata ile ya soko la Tawa, siku ambayo Aftin, yule mnunuzi wa mbuzi, alikuwa ananingojea na lori mbili. Nilimwambia ninaenda kuhesabu ndege. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza, "Mzee Mutie, hao utawapakia wapi?"

Ile karatasi kubwa ya picha ya utafiti wenu uliyomtumia mamako nimeisoma. Imebandikwa ukutani karibu na kalenda ya kanisa. Filsan ameandikwa. Dkt. Istahil anayekusimamia ameandikwa. Hata mwenye mashua ameandikwa. Halafu pale kwa bwawa la Kanyangi umeandika "msaidizi wa eneo". Msaidizi wa eneo ni nani? Nimemuuliza mamako, hamjui.

Sina mengine.

Baba wa Wayua na wenzake,
Mutie Nthiwa


Gongoni,
11 Agosti 2024

Baba,

Salamu. Natumaini mko wazima. Mimi afya iko.

Sijui nianze wapi, kwa hivyo nitaanza na namba kwa sababu namba unazielewa.

Januari na Machi, Filsan alienda Kanyangi. Alikaa upande wa pili wa bwawa, kwa mawe, akahesabu siku ile ile na saa ile ile uliyohesabu wewe. Hukuambiwa. Ni sheria ya idara, kila mahali panakaguliwa hivyo, na mimi sikuruhusiwa kukwambia.

Juzi kamati ya shahada yangu ililinganisha. Siku mbili, mistari ishirini na sita. Filsan kumi na tatu, wewe kumi na mbili. Filsan arobaini na tano, wewe arobaini na nne. Filsan watatu, wewe wawili. Filsan mmoja, wewe hakuna. Mistari yote ishirini na sita, baba. Kila mstari umepungukiwa na mmoja, si wawili, na hakuna hata mara moja umezidi.

Mtu anayehesabu kwa macho yake anakosea juu na chini. Mmoja wa kamati alisema mbele ya watu kwamba mhesabu wangu alipata namba za Filsan kwa njia fulani, akazinyoa kidogo ili zisifanane. Fomu zako zote saba zimewekwa kando na sura ya mabwawa imefungwa.

Ninakuuliza kama mtoto wako. Ulienda bwawani? Ama ulikaa Tawa na Aftin, na mtu akakupa namba? Na kama hukuenda, ni kwa sababu ulitaka nishindwe ili niende Kiboko? Unaweza kuniambia ukweli.

Wayua


Gongoni,
22 Septemba 2024

Baba,

Wiki sita sasa. Mama ananiambia kwa simu kwamba uko mzima, unakula, na barua yangu uliisoma ukaikunja ukaiweka kwa mfuko wa koti. Zaidi ya hapo hasemi.

Kamati inakutana tena tarehe 15 Oktoba. Baada ya hapo sina pa kusimama. Nijibu hata kama ni matusi.

Wayua


Kanyangi,
6 Oktoba 2024

Kwa Wayua,

Tuko wazima.

Sikujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika kitu ambacho mtu hawezi kufuta. Sasa imepoa kidogo, haijapoa yote.

Kwanza, ulituma mtu akae kwa mawe kunichunguza. Nilimuona. Mama mrefu wa kitambaa cha kijani, mara mbili. Nilidhani ni wa idara ya maji. Nilimpungia mkono na yeye akanipungia. Sasa ndio najua nilikuwa napungia nani.

Pili, unaniuliza kama nilienda. Siku kumi na nne, Wayua, mara mbili kila mwezi, miezi saba. Kilomita tisa kwenda na tisa kurudi. Nikujumlishie? Ni mia mbili hamsini na mbili, kwa mgongo huu, kwa ajili ya ndege wa wenyewe. Na wewe unaniuliza nilikaa Tawa na nani.

Tatu, hiyo ya mmoja mmoja. Niliposoma hapo nilicheka, na haikuwa ya furaha. Kwani wewe ulikulia wapi?

Ulikuwa na miaka saba, ukisimama mlangoni pa zizi la Tawa na kijiti chako. Mbuzi wanapita, mimi nahesabu kwa sauti. Yule wa mwisho tulikuwa tunafanya nini? Wewe mwenyewe ulikuwa unampiga matakoni apite, na mimi nanyamaza. Hatajwi. Yule wa mlangoni hatajwi. Aftin nikimwambia arobaini na nne anaandika arobaini na tano kwa kitabu chake bila kuniuliza. Soko lote la Tawa linajua hesabu ya Mutie unaongeza mmoja. Mama yangu ndiye alinifundisha, yule ambaye umebeba jina lake. Alisema kitu chenye uhai ukikihesabu mpaka mwisho umefunga mlango. Hakuna wa kuingia tena, na kilichobaki ni kutoka tu.

Sikukuficha. Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana uliniomba mimi na hukumwomba mtu mwingine.

Nimehesabu sawa. Huyo Filsan wako pia amehesabu sawa, mwambie ana macho. Mwambie na hao wa kamati wanaosema nimenyoa namba waje Tawa wapange mbuzi mia tatu niwahesabu wakikimbia.

Mutie Nthiwa


Gongoni,
19 Oktoba 2024

Baba yangu,

Salamu nyingi, na magoti yangu yako chini ninapoandika hivi.

Nilipofika pale pa kijiti nilisikia harufu ya zizi. Nilikuwa nimesahau, baba. Nimesoma miaka kumi na minane namna ya kuhesabu vitu, na hiyo ya kwanza kabisa niliyofundishwa ndiyo niliyosahau. Nisamehe kwa yale ya Tawa na Aftin. Yale ya Kiboko nisamehe zaidi.

Nilimpa Dkt. Istahil barua yako. Aliisoma mara mbili. Ni mtu mkali, hacheki ovyo, lakini aliiweka chini akasema babake kule Garissa alikuwa akifika kwa ngamia wa mwisho anageuza uso, anajifanya ameona kitu barabarani. Alienda na barua kwa kamati mwenyewe. Yule aliyesema umenyoa namba ameomba radhi, imeandikwa kwa kumbukumbu za mkutano.

Sasa sehemu ngumu. Palipo na namba wamekubali tuongeze mmoja na tueleze kwa nini. Pale ulipoandika hakuna, hatuwezi kujua. Inaweza kuwa hakuna, inaweza kuwa mmoja. Na hao vitwitwi wa pwani wenye vibendera wakipita bara mara nyingi huja peke yao. Kwa hivyo kitu chenyewe nilichokuwa natafuta kiko ndani ya hizo hakuna zako.

Wanataka hesabu mbili mpya kabla ya mwisho wa Januari, na shahidi wa kutia sahihi. Wanataka ihesabiwe mpaka mwisho, baba, kila ndege, hata aliye peke yake.

Najua ninaomba nini. Ukiona ni vigumu, nitamwambia mwalimu Kitheka wa shule ya hapo nyumbani ahesabu yeye. Ingawa yeye anavaa miwani mbili.

Binti yako,
Wayua


Kanyangi,
3 Novemba 2024

Kwako mama yangu Wayua,

Salamu. Tumepanda jana, mvua ikituonea huruma.

Barua yako nimeipokea na hayo ya kusamehe yameisha. Hiyo nyingine siwezi.

Nitakwambia kwa nini, kwa sababu hatujawahi kuliongea. Mwaka wa sensa, 2009, yule wa kuandika alikaa hapa kwa kiti cha mamako akaniuliza watoto wangapi. Mbuzi wangu walikuwa wamefika mia, nilikuwa najisikia mtu. Nikahesabu kwa sauti, kwa vidole. Wayua, mmoja. Mbuvi, wawili. Muindi, watatu. Nikafunga ngumi, nikamwambia andika watatu, wote wazima. Mama yangu alikuwa mlangoni, alisikia, akaondoka.

Ilikuwa Agosti. Novemba Muindi alipata homa ya siku tatu. Alikuwa na miaka sita.

Usiniambie ni malaria. Daktari aliniambia ni malaria, na mimi si mjinga. Lakini tangu siku hiyo sijamaliza hesabu ya kitu chenye pumzi, na sitaanza na ndege.

Na kwa sababu tunasema ukweli, chukua na huu. Mwaka jana, tarehe kumi na moja Novemba, kulikuwa na kitwitwi mmoja peke yake kwa matope ya upande wa lango la maji. Mdomo uliopinda. Kibendera cheupe mguu wa kulia, K7. Nilimwangalia na darubini kama nusu saa. Uliniandikia kwamba huyo ndiye. Lakini alikuwa mmoja, na mmoja ndiye wa kuachwa. Nikaandika hakuna, nikarudi nyumbani, na sijalala vizuri juu ya huyo ndege mwaka mzima.

Mwambie Kitheka.

Baba wa Wayua na wenzake,
Mutie Nthiwa


Gongoni,
24 Novemba 2024

Baba,

Salamu kwako na mama. Natumaini mbegu zimeota.

Nilisoma ile ya Muindi nikiwa nimekaa kwa matope, nikarudi nyumbani maji yakiwa yamefika magotini. Sitakuambia ni malaria.

K7 tulimfunga hapa hapa, Februari 2023. Mimi ndiye nilimshika. Dkt. Istahil anasema kwa kuwa fomu ya siku hiyo inasema hakuna, hawezi kuingia, hata yeye akiamini. Nami nimemwambia asikusumbue.

Mwalimu Kitheka alijaribu wiki jana. Alihesabu yangeyange na mifuko ya plastiki pamoja.

Kwa hivyo nimeandikia Kiboko. Ile nafasi ya mbegu imetangazwa tena, na mahojiano ni tarehe 27 Januari. Nitakuwa karibu na nyumbani, mama atafurahi. Sisemi hivi ili ujisikie vibaya, baba. Umeniambia tangu mwanzo kwamba ndiyo njia fupi, na sasa nimeiona. Darubini mpe mwalimu, ama ikae.

Binti yako,
Wayua


Kanyangi,
12 Januari 2025

Kwako mama yangu Wayua,

Salamu za mwaka mpya. Sisi tuko, mahindi yako, mgongo uko.

Uliposema unaenda Kiboko nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu Aftin aliniuliza binti wa ndege anaendeleaje, nikamwambia amepata akili, ameacha. Aftin hakucheka. Alisema, "Basi na wewe umepata ulichotaka, mbona umekunja uso?" Nikamwambia apakie mbuzi wake.

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu, unajua mimi ndivyo nilivyo. Miaka kumi na mitano sikumaliza hesabu hata mara moja. Kiangazi cha 2022 kilinichukulia mbuzi sitini na moja, na kila asubuhi nilikuwa nimemwacha wa mlangoni. Hiyo nayo nilimweleza mamako. Alikuwa anachagua maharagwe. Hakuinua kichwa. Alisema, "Watu wakikuuliza watoto wangapi, unasema wako tu, hutaji idadi. Miaka yote hii unasema wako. Hata Muindi umemwacha mlangoni."

Nilienda nikatafuta darubini.

Tarehe nne nilihesabu mara ya kwanza, Kitheka amekaa kando na kalamu. Nilifika kwa yangeyange wa kumi na nane, yule wa mwisho, mdomo ukakataa kufunguka. Kitheka akaniuliza, "Mzee, umechoka?" Nikasema kumi na nane. Mstari wa pili nao hivyo, na wa tatu. Nilitoka jasho kama mtu aliyebeba gunia. Hakukuwa na kitwitwi wa mdomo uliopinda. Niliandika hakuna, na safari hii hakuna ni hakuna.

Jana ndiyo ilikuwa ya pili. Soma fomu mwenyewe, mstari wa saba. Nimemwandika kwa wino mweusi, namba moja, peke yake kwa mstari. Matope ya upande wa lango la maji. Kibendera cheupe mguu wa kulia. K7. Kitheka amemuona na miwani zote mbili na ametia sahihi. Tulimwangalia mpaka alipoenda, akielekea kwenu.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mamako nimemaliza. Alinawa mikono, akachukua simu, akampigia Mbuvi, kisha akakupigia wewe. Ulishangaa kwa nini mama anakupigia saa nne asubuhi kuuliza kama umekunywa chai. Ndiyo sababu. Ulipojibu aliketi.

Fomu zinakuja na basi la kesho. Kiboko uende ama usiende, hilo ni lako na sitasema tena. Lakini hicho kitabu chako kikitoka, pale palipoandikwa msaidizi wa eneo, kuna jina. Lina herufi kumi na moja. Usipunguze.

Na safari hii usiandike. Barua ni siku nyingi kwa basi. Ukimaliza kusoma hapa, piga simu nikusikie. Nitakuwa nimeiweka karibu.

Aliyehesabu,
Mutie Nthiwa,
Baba wa Wayua, Mbuvi na Muindi.
Watatu.